Upande wa Kulia Umekufa

Mjane aliingia amekumbatia amplifaya iliyofungwa kwa shuka, jasho linamchuruzika, na kabla hajaitua mezani alikuwa ameshaomba maji ya kunywa. Mke wa fundi aliacha cherehani yake akamletea kikombe. Duka lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la mistari: upande wa mlangoni mume anatengeneza na kununua redio kuukuu, upande wa ndani mke anashona sare za shule. Mtaani mume huyo aliitwa Fundi Masikio, na jina lenyewe hakulichukia hata kidogo. Mafundi wengine waliamini mita. Yeye aliamini masikio yake, na akishataja thamani ya kitu watu hawakwenda kuuliza kwingine.

"Ni ya marehemu mume wangu," mjane alisema alipopata pumzi. "Nataka uniambie thamani yake. Ukiipenda, inunue."

Fundi alifungua shuka taratibu. Ilikuwa amplifaya ya zamani, zile zilizobeba kila kitu ndani ya sanduku moja, uso wa alumini usio na mkwaruzo, kasha la mbao, vitufe vizito vinavyozunguka bila kugoma. Aliigeuza, akamulika tochi kwenye matundu ya nyuma. Hapakuwa na alama ya kuungua wala mkono wa fundi mwingine. Kila waya ulikaa kama ulivyolehemewa kiwandani. Moyoni alikuwa anashangilia, lakini uso aliukunja, maana kazi ya kununua vitu kuukuu ilishamfundisha kuficha meno.

Enzi zile angeiunganisha na spika zake mbili kubwa na mtaa mzima ungejua. Lakini tangu chumba cha jirani kigeuzwe darasa la tuisheni, mwenye nyumba alikuwa amepiga marufuku makelele, kwa hiyo siku hizi alipima kila kitu kwa hedifoni. Alizivaa, akafungua muziki, akafumba macho. Alizungusha kitufe cha kugawa sauti kuelekea kushoto, akatikisa kichwa kwa raha. Alikizungusha kuelekea kulia, na kichwa kikaacha kutikisika.

"Pole, mama," alisema akivua hedifoni. "Upande wa kulia umekufa."

"Umekufa kabisa?"

"Unapumua kwa mbali. Ndio ugonjwa wa hizi za zamani. Transfoma yake inatoa joto, joto linakula vipande vya upande wa kulia. Karibu zote ninazoletewa siku hizi ziko hivyo."

Aliisema nadharia hiyo kwa uhakika wa mtu aliyeisomea. Kwa kweli alikuwa ameibuni mwenyewe, si zamani, na kwa kuwa kila mteja aliitikia kwa kichwa, naye akaiamini.

"Ingekuwa nzima ningekupa laki nne na tungeshikana mikono. Hivi ilivyo ni laki moja."

Mjane aliitazama amplifaya kwa muda, si kwa huzuni, bali kama mtu anayemtazama aliyemkosea. Fundi hakumwelewa. Kisha mjane akaanza kulikunja shuka lake, pembe kwa pembe.

"Nipe hiyo laki," alisema. Akaitia mkobani bila kuihesabu, akatoka, na kikombe cha maji akakiacha kimejaa nusu.

* * *

"Mbona mnyonge sana yule mama?" mke wa fundi aliuliza kutoka nyuma ya pazia. Hakujibiwa. "Nakuuliza wewe, baba watoto."

Fundi alikuwa ameinamia kazi yake, kimya. Mkewe aligonga mkasi mezani na kuendelea kushona. Ilikuwa hivyo kwa miezi sasa. Anasema, mume hajibu. Anauliza jambo la watoto, mume anachokonoa redio. Chakula wakila amekaa kulia kwake, akimwomba chumvi, mume anatafuna tu. Mwanzoni aligomba, halafu akalia, halafu akahitimisha mwenyewe kwamba mume amemchoka, na tangu hapo akaliweka jambo hilo kifuani kama jiwe. Hakumwambia mtu, hata mama yake mzazi.

Na nyumba yenyewe ilikuwa imelegea. Kodi ya duka ilikuwa nyuma, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kuwasalimia kwa kuwauliza afya ya biashara. Biashara ilikuwa mbaya kwa sababu kila amplifaya ilikuwa nusu mfu. Fundi alizinunua kwa bei ya chini na kuziuza kwa bei ya chini, tena kwa mtu mmoja tu, dalali aliyeitwa Kipara. Kipara hakuwa na ubaguzi na vitu vibovu. Ukimwambia imekufa kulia, anakuja mbio.

Kutwa nzima, na asubuhi iliyofuata, fundi aliichokonoa ile ya mjane. Alitaka kuifufua, safari hii aiuze nzima, kodi ilipwe. Alipima kila kipande. Mita ilisema umeme wa kulia ni sawasawa na wa kushoto. Akapima tena. Mita ikasema vilevile. Akavaa hedifoni: kulia kimya.

"Mita haisikilizi muziki," alinung'unika, akaisukuma pembeni.

"Unatafuta nini humo tangu jana?" mkewe aliuliza. Kimya. Hapo akafungua pazia kwa nguvu, akaja mpaka mezani, akazichukua hedifoni na kuzivaa yeye. "Basi nami nisikie hicho kinachokufanya usiniitikie mtu mzima."

Redio ilikuwa inapiga wimbo mmoja wa dansi ambao wote wawili hawakuujua. Mke wa fundi alisikiliza amekunja uso, halafu uso ukakunjuka kidogo.

"Mbona inaimba vizuri?"

"Upande mmoja," fundi alisema.

"Pande zote."

"Mama, cherehani unaijua, sikatai. Hili niachie mimi."

Neno hilo lilimchoma, na kwa sababu lilimchoma hakuvua hedifoni. Alikishika kile kitufe, akakizungusha kama alivyomwona mumewe akifanya kila siku. "Hapa ni kushoto. Yupo mwimbaji, lipo gitaa. Haya, hapa ni kulia. Kuna mtu anatikisa kayamba. Anatikisa kwelikweli, mpaka utadhani analipwa kwa kila mtikiso. Wewe kayamba umelisikia?"

Fundi hakuwa amesikia kayamba lolote. Alizinyakua hedifoni, akakirudisha kitufe katikati, akavaa, akasikiliza. Kayamba halikuwepo. Alitaka kucheka, halafu wazo likampita ambalo hakulipenda. Akazivua, akazigeuza, ya kulia akaiweka kushoto, ya kushoto kulia.

Kayamba likaja. Lilitikiswa kwelikweli, kama alivyoambiwa, na gitaa likapotea. Kilichokufa kilibaki palepale, upande uleule wa kichwa chake.

Aliketi kwenye kiti polepole. Aliogopa, na hakukuwa na namna ya kuuficha woga ule. Seremala akivunjika mguu anaweza kuketi akaranda mbao, lakini fundi aliyeitwa Masikio akifa sikio, ataitwa nani, na atakula nini? Kisha akaziona amplifaya zote za miezi ile, moja moja, na nyuso za waliomletea, kila mmoja akiambiwa pole.

"Sikio langu," alisema. "Si mashine. Ni mimi."

Mkewe alimtazama. Alisogea kulia kwake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe ni mbuzi." Fundi hakugeuka. Akaja kushoto. "Nimesema wewe ni mbuzi."

"Mbuzi kwa nini?"

Mkewe alianza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. "Kwa hiyo hukuwa unanidharau?"

"Nikudharau kwa lipi?"

"Miezi yote hii nakusemesha, nasema nimeshakuwa takataka machoni pako!"

"Ulikuwa unanisemesha?" fundi aliuliza, na aliuliza kwa dhati.

* * *

Kipara aliwakuta hivyo, mmoja ameshika kichwa na mwingine anafuta machozi kwa kitambaa cha sare. Aliona amplifaya, na macho yakawaka.

"Nimesikia una nyingine iliyokufa kulia, Masikio. Naichukua. Laki na nusu hii hapa."

Fundi aliisogeza amplifaya karibu naye. "Zile nyingine ulizifanya nini?"

"Zipi?"

"Zilizokufa kulia."

"Nina fundi wangu. Anazigusagusa."

"Fundi gani? Mafundi wa mji huu nawajua wote."

Dalali alimtazama mke, akamtazama mume, akaelewa kwamba mambo yameiva. Hakuona haya. "Sasa ndugu yangu, wewe ndiye uliyesema zimekufa. Mimi ni nani nimbishie Masikio?" Akaongeza noti juu ya zile za kwanza. "Laki mbili. Haya, tatu, tusigombane. Na mambo ya sikio lako, mimi sina mdomo."

Laki tatu ingefuta deni la kodi na chenji ingebaki. Fundi alizitazama zile noti kwa njaa, na mkewe akamwona anavyozitazama. Kilichomuuma fundi zaidi si kuibiwa. Ni kwamba Kipara alijua, amejua siku nyingi, amekuwa akija dukani akisikitika naye juu ya ubaya wa amplifaya za zamani, halafu anakwenda kucheka.

"Haiuzwi," mke wa fundi alisema.

"Naongea na mwenye duka, shemeji."

"Ndiye amesema. Wewe nawe husikii?"

Kipara alikusanya noti zake, akatoka akicheka kidogo. Fundi alisubiri atoweke ndipo akasema, "Hata kusema sikusema."

"Ungesema," mkewe alijibu. "Vaa viatu twende zahanati."

* * *

Benchi la zahanati lilijaa. Nesi alitoka mlangoni, upande wa kulia wa fundi, akaita namba yake mara ya kwanza, mara ya pili. Mkewe alikuwa amekwenda kulipia kadi. Nesi akaita tena, sasa kwa kufoka, na mwanamke mmoja mwenye mtoto akamshika fundi bega. "Baba, unaitwa. Husikii?" Watu wakageuka. Kijana mmoja akamwambia mwenzake, "Muache, mzee kiziwi huyo." Hilo alilisikia vizuri sana, kwa sikio la kushoto.

Nesi alichungulia kwa tochi yake ndogo, akaguna. "Hapa pamejaa. Kiwambo cha sikio hakionekani kabisa. Unasafishaje masikio yako?"

"Kila asubuhi," fundi alijibu, na licha ya yote palikuwa na majivuno ndani yake. "Kijiti cha kiberiti na pamba. Sijaruka hata siku moja. Masikio ndiyo kazi yangu."

"Basi kila asubuhi umekuwa ukishindilia. Uchafu unajitokea wenyewe, wewe unaurudisha ndani na kuukandamiza." Nesi aliandika jina la dawa. "Wavivu siwaoni hapa kwa ugonjwa huu. Nawaona nyie wasafi."

"Litafunguka?"

"Sikudanganyi. Inawezekana ni nta tu. Inawezekana kijiti kimetoboa kitu huko ndani. Mpaka tulainishe, tusafishe, ndipo nitajua."

Siku zilizofuata duka lilifungwa upande mmoja. Waliokuja na redio waliambiwa fundi ana dharura, hapimi kitu. Asubuhi na alasiri alilala nyuma ya pazia, kichwa mapajani mwa mkewe, sikio juu, dawa ikidondoka tone tone na kumtekenya. Tangu wazae mtoto wa mwisho hawakuwa wamekaa karibu namna ile kukiwa na mwanga wa mchana.

"Na kama halifunguki?" aliuliza.

"Nitasikiliza mimi, wewe utataja bei."

"Watu watacheka."

"Si wanacheka sasa hivi?"

Fundi alinyamaza. Mkewe akadhani ni utani umemchoma, kumbe alikuwa anajaribu kusikia kitu, chochote, kwa sikio lile, na hakikuja. Alimshika mkewe mkono, akaubana. Aliogopa kama mtoto.

* * *

Siku ya kurudi, nesi alimpa beseni alishike mwenyewe chini ya shavu. Akajaza maji ya uvuguvugu kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, akasukuma. Maji yakanguruma ndani ya kichwa na kurudi matupu. Akasukuma tena. Tena yakarudi matupu. Mke wa fundi, aliyesimama ukutani, alikuwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili na midomo yake ilikuwa inacheza.

Mara kitu kikaporomoka kwenye beseni. Kilikuwa cheusi, kikubwa kama punje ya harage, na nyuzi za pamba zimeganda ndani yake. Nesi mwenyewe alisema, "Toba!"

Fundi alirusha kichwa. Sauti ziliingia zote kwa mkupuo: bomba lililokuwa linavuja kwenye sinki, viatu vya nesi, mtoto analia kule benchini, gari la mbali linabadilisha gia, shati lake mwenyewe likisuguana na shingo.

"Unanisikia?" nesi aliuliza.

"Usipige kelele hivyo, mwanangu."

"Baba, hapa nanong'ona." Akachungulia tena, safari hii kwa muda mrefu, na wale wawili hawakupumua. "Kiwambo ni kizima. Umebahatika. Na hivyo vijiti viache viwashe moto tu."

Fundi Masikio alilia palepale, beseni mkononi. Hakujali. Mkewe alilipokea lile beseni asije akalimwaga, akamwambia, "Haya, nyamaza, watu wanasubiri zamu," na yeye mwenyewe sauti haikumtoka vizuri.

* * *

Walipofika dukani hakuvua hata koti. Aliiwasha amplifaya ya mjane, akavaa hedifoni, akausikiliza wimbo mzima mpaka mwisho, na wa pili, na wa tatu. Upande wa kulia ulikuwa safi. Ulikuwa na kina, hauna mkwaruzo, na sauti nyembamba kabisa zilitoka bila kuumiza. Kwa miaka yote ya kazi yake hakuwa ameshika nyingi za namna ile.

"Ni laki nne?" mkewe aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Nne nilikuwa nambania. Ni tano, na mwenye kujua atatoa sita."

Cherehani ilisimama. Wote wawili walijua wanachowaza. Kipara angerudi na noti zake wakati wowote, mwenye nyumba alikuwa amepita asubuhi kusalimia, na mjane hakuwa na habari ya lolote. Hakuna ambaye angewauliza. Kitu kilikuwa kimeuzwa na kununuliwa.

"Sina pesa ya kumwongeza," fundi alisema.

"Basi mrudishie amplifaya yenyewe. Mwambie ile laki atatupa akishauza. Kodi tutamwomba mwenye nyumba, tumeshamzoea na yeye ametuzoea." Mkewe alikuwa ameshaanza kukata kamba ya kuifungia. "Na wale wengine tutawaendea mmoja mmoja, hata kwa kuomba radhi tu. Lakini tuanze na huyu."

Waliibeba kwa kupokezana. Nyumba ya mjane ilikuwa mwisho wa barabara yenye mashimo, mlango uko wazi, ndani sebule ndogo iliyofagiliwa. Meza iliyokuwa na amplifaya bado ilikuwa na alama ya mraba katika vumbi. Mjane aliwatazama walivyokuwa wanahema, hakuwakaribisha kiti.

"Mnairudisha? Pesa nimeshatumia."

"Mama, nimekuja kusema kosa langu," fundi alisema. Alikuwa ameipanga hotuba njiani, sasa yote ikapotea. "Amplifaya yako haijafa. Ni mimi niliyekuwa nimekufa sikio. Kulia nilikuwa sisikii, nikasema ni mashine. Nimetoka kutibiwa. Ni nzima."

"Nzima namna gani?"

"Pande zote. Haina kasoro hata moja. Mumeo alinunua kitu cha maana, na alikitunza."

Alitegemea matusi, na alikuwa amejiandaa kuyapokea. Lakini mjane alirudi nyuma hatua moja, akajikuta ameketi kwenye ukingo wa kochi.

"Alipokuwa kitandani anaumwa," alisema, "nilimwuliza, sasa unaniacha na nini? Akaniambia, usihofu, ipo amplifaya. Ukibanwa iuze, itakuvusha. Ndiyo lilikuwa neno lake la maana la mwisho. Uliponiambia ni nusu mfu, nilirudi hapa nikaigeuza picha yake, nikaitazamisha ukutani. Nikasema, mwanamume huyu hata kufa amekufa ananidanganya."

Mke wa fundi alitazama ukutani, akaiona: fremu imening'inia kinyumenyume, mgongo wa kadibodi nje.

"Siku zote hizi nimemnunia," mjane alisema. "Watu wanakuja kunipa pole, mimi moyoni namtukana."

"Nisamehe, mama," fundi alisema.

"Ngoja kwanza."

Aliinuka, akaenda ukutani, akaigeuza picha. Akaipangusa kioo kwa kiganja, akasimama mbele yake akiwa amewapa mgongo. Mke wa fundi alimvuta mumewe mkono, wakatoka nje kibarazani kumwachia nafasi. Aliyoyasema mjane aliyasema kwa chini sana, lakini Fundi Masikio aliyasikia yote, na machozi yakamjaa.

Walikaa pale, bega kwa bega, mpaka sauti ilipowaita. Mjane alikuwa amewawekea viti viwili karibu na amplifaya, na uso wake ulikuwa umelainika, wa mtu aliyelia akamaliza.

"Haya, fundi," alisema. "Kaa, sasa niambie thamani yake."

Fundi akaketi, akaitaja yote, hakumpunguzia kitu.